Jipu Lako na Pikapu ya Magesa

Baba Nyangeta, mume wangu,

Nimechoka kuulizwa habari za gari lako, ndiyo maana nakuandikia. Nikitoka kanisani naulizwa. Nikienda mwaloni naulizwa. Hata yule mama anayeniuzia sato ananipimia samaki huku anasema, "Mama Nyangeta, nasikia unaliuza gari la marehemu?" Siliuzi. Nilitaka kulibadilisha tu, gari kwa gari, na watu wa kwenu wakaruka kana kwamba nimesema nabadilisha jina la ukoo. Wewe ndiye uliyelileta hapa Kamunyonge, wewe ndiye uliyewazoesha kwamba ni la wote, halafu ukaondoka, ukaniachia mimi kazi ya kujibu. Basi leo unisikilize mpaka mwisho. Safari hii hutanikatisha.

Siku ulipolileta nilikuwa nje nachambua maharage. Ulikuwa umestaafu ubwana mifugo, na tulikuwa tumekubaliana tununue gari dogo, la kutupeleka Mwanza kwa Nyangeta na kuturudisha. Mara nikasikia mngurumo, kuku wakatawanyika, ukaingia na jipu refu la kijivu ulilolipata kwenye mnada wa magari ya mradi. Tairi la akiba mgongoni, na lile bomba jeusi limesimama pembeni ya kioo, ambalo watu wanaliita mkonga. Uliteremka unacheka peke yako.

"Mama Nyangeta, hili linapita popote! Hata mtoni, linavuta hewa kwa juu."

"Na sisi mtoni tunaenda kufanya nini?" nikakuuliza.

Ulicheka mpaka ukaegemea mlango. Mimi nilirudi kwenye maharage yangu. Nilikuwa nakuuliza kweli.

Na lilipita popote, hilo sikunyimi. Unakumbuka masika yale, tukiwa kwa mama yako huko Butiama, alipoletwa binti wa jirani aliyekuwa na uchungu tangu jana yake? Korongo lilikuwa limejaa na pikipiki zote zimegoma. Ulivua viatu, ukaingia majini kwanza kwa miguu kupima kina, ukarudi ukalitia jipu gia ya chini. Maji yakapanda mpaka milangoni. Mimi nilikuwa nyuma nimemshika yule binti kiunoni, ananing'ata mkono, namwambia apumue. Tulivuka, akajifungua salama hospitalini, na mtoto akapewa jina lako. Hadithi hiyo umeisimulia kwenye kila harusi na kila msiba kuanzia Butiama mpaka Bunda. Ulikuwaga unasimama, unaonyesha maji kwa mikono, watu wanapiga makofi. Katika hadithi yako mimi simo. Alama ya meno ilikaa mkononi mwangu wiki nzima, lakini ndani ya gari lako mlikuwa wewe, mkonga na mzazi.

Baada ya hapo likawa gari la kila mtu. Mgonjwa, "Mwambieni mzee alete gari." Mahari, "Mzee alete gari." Mtu kafa Kibara, mtu kanunua mabati, ndama kavunjika mguu. Mimi na wewe tukipanga kwenda Mwanza, tunafunga mabegi, simu inalia, unaniangalia kwa yale macho yako ya huruma, tunafungua mabegi. Nyangeta alijifungua mtoto wake wa pili mimi nikiwa njiani na basi, nimesimama, kwa sababu jipu lilikuwa limekwenda kubeba viti vya sherehe ya mtu ambaye hata wewe ulikuwa humjui vizuri.

Uliwahi kunifundisha kuliendesha, mara moja tu, pale kwenye uwanja karibu na josho la ng'ombe. Kiti kilikuwa mbali, mguu wangu unaifikia klachi kwa ncha ya kidole. Likaruka, likazima. Likaruka tena, likazima. "Klachi, mama! Klachi! Utaniulia gari!" Wachunga ng'ombe wakakaa kabisa kwenye nyasi ili waangalie vizuri. Mwisho ukasema, "Ah, hili ni zito, ni la wanaume. Sogea." Nikasogea. Jioni uliniletea soda baridi ukaniomba radhi, na radhi niliipokea. Lakini sikukuomba tena unifundishe, na wewe hukuuliza kwa nini.

Ulipofariki nilikaa miezi, kisha nikajiandikisha chuo cha udereva hapa Musoma. Mwalimu wangu alikuwa mdogo kuliko Nyangeta, ananiita "bibi" mpaka nilipomkataza. Nikapata leseni. Nikatoa jipu lako bandani, na hapo ndipo nilipojua jambo ambalo miaka yote sikulijua: kile kiti cha dereva kimeganda. Reli zake zimeshika kutu palepale ulipokiweka kwa miguu yako mirefu. Fundi amekipiga nyundo, amekimwagia mafuta, kimekataa. Kwa hiyo nilikuwa naendesha na mto mgongoni. Usukani ule mzito umeniachia bega linalouma mpaka leo. Na simu hazikukoma. "Shemeji, tuletee gari." Hawasemi, "Shemeji, njoo." Wanasema tuletee gari.

Sasa nikuambie habari za Magesa, maana najua wamekufikishia vibaya huko uliko.

Magesa ni mnunuzi wa pamba, mwenyeji wa Bunda, mtu wa makamo. Tulikutana kituo cha mafuta. Alilizunguka jipu lako mara mbili, akachungulia uvunguni, akaja dirishani. "Mama shikamoo. Hili gari unaliachia?" Nikamwambia hapana. Akanionyesha la kwake, pikapu nyekundu ya milango minne, tairi pana, imekaa chini kama chui anayenyemelea. Vijana wa bodaboda wanaiita "mnyama." Injini yake ni ya mbio hasa. Ukiiwasha, kifua kinatetemeka. Aliinunua Dar es Salaam kwa sababu alitaka watu wamwangalie, hilo alilisema mwenyewe bila aibu. Wamemwangalia, sasa imemshinda. Kazi yake ni kuzunguka vijiji vya huko upande wa Kibara, na huko pikapu inakwaruza tumbo kwenye kila tuta, springi zake ngumu zinamvunja kiuno, na tope dogo tu, magurudumu yanazunguka bure huku watoto wanacheka.

"Mama, mimi nahitaji gari lako," akaniambia. "Na langu linahitaji mtu wa lami. Tubadilishane tu. Lijaribu kwanza."

Nilikuwa niseme hapana, lakini tayari alikuwa ameniwekea funguo mkononi.

Baba Nyangeta, gari lile halina klachi. Kiti unabonyeza kitufe, kinakufuata. Nilikisogeza mbele mpaka magoti yangu yakakaa sawa, nikabaki nimekaa hivyo bila kuondoka, mpaka Magesa akauliza kama kuna tatizo. Tulipotoka mjini, pale barabara inaponyooka, akasema, "Kanyaga mafuta kidogo." Nikakanyaga. Mgongo wangu ukabandikwa kwenye kiti, miti ikaanza kurudi nyuma mbio, na mimi, mjane, mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya, nikapiga yowe. Lilikuwa yowe la raha. Tangu ulipoondoka, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kupitisha dakika kadhaa bila kukuwaza hata kidogo. Nilipokumbuka kwamba sikukuwaza, nikapunguza mwendo, nikamrudishia mwenyewe gari lake.

Nikamwambia nitafikiri. Na nilifikiri kwelikweli, usidhani nilirukia. Pikapu ile inakunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka kiangazini. Haiwezi kufika kwa mama wakati wa mvua. Na mtu wa umri wangu kutoka kwenye mnyama mwekundu mbele ya kanisa, nilijua watakavyosema. Nyangeta nilipompigia akasema, "Mama, si gari la vijana hilo?" Nikamjibu, "Kwani wewe ulikuwa unataka nipande nini, mkokoteni?" Tukakata simu tumenuniana.

Hata sijui nani alipeleka habari Butiama. Mdogo wako Wambura akaitisha kikao, nyumbani kwa mama. Nilikwenda na jipu, nikaliegesha mlangoni, wakaliangalia kama mtoto anayetaka kuuzwa. Walikuwa wanaume saba, mimi na mama. Wambura akaanza taratibu.

"Shemeji, hatukuja kugombana. Ila gari hili siyo la mtu mmoja. Ni la ukoo. Kaka alituachia."

"Kadi ina jina lake, na mirathi imenipa mimi," nikasema.

"Karatasi ni karatasi. Sisi tunasema gari limeokoa watu hapa. Lile korongo unalikumbuka? Ungelikuwa na pikapu ya mashindano, yule binti si angekufa? Kaka angelia akisikia."

Wakaitikia wote. Mmoja akaanza kusimulia habari za korongo, kwa mikono yako kabisa, kwa sauti yako. Na mimi simo tena.

Hapo ndipo nilipoitoa ile siku uliyougua. Sikuwahi kuisema mbele yao, wala sikuwahi kuisema na wewe. Baada ya siku ile hukuwa na kauli tena.

Ilikuwa Jumamosi. Kichwa kilikuuma tangu Alhamisi, na ukasema ni jua. Wewe, ambaye ng'ombe wa mtu akikohoa ulikuwa unaacha chakula, kichwa chako mwenyewe ukasema ni jua. Asubuhi Wambura akaja kuchukua jipu liwapeleke watu wa mahari Kibara. Ulikuwa umelala na kitambaa chenye maji usoni. Hukufungua hata macho. "Mama Nyangeta, mpe funguo." Nikaenda, nikampa. Saa nane mchana nilikuletea uji, ukaushika, kikombe kikadondoka, nikaona mdomo umekwenda upande. Nikampigia Wambura. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nikapiga tena. Nikatoka na kanga moja mpaka barabarani, nikasimamisha bajaji. Wewe na urefu wako wote, mimi na dereva tulikukunja kama godoro, miguu yako inaning'inia nje, nimeishikilia ili isigonge. Tulipofika hospitalini, daktari alisema laiti tungewahi kidogo. Akasema kwa upole sana, na bado nilitamani kumpiga. Siku tatu ulizokaa pale ulikuwa unaniangalia tu.

Kwenye kikao sikuyasema yote hayo. Nilisema hivi: "Ni kweli gari limeokoa watu. Siku ya mwenye gari, gari lilikuwa wapi?"

Wambura aliangalia sakafu. Mama yako alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, akanyanyua mkono. "Kikao kimekwisha," akasema. "Nani anasonga ugali?"

Nilirudi Musoma nikiwa nimeshinda, na bado nikaendesha njia nzima nikisaga meno.

Baada ya siku nne Wambura alikuja Kamunyonge, peke yake, kwa basi. Alikaa pembeni kabisa ya kochi kama mtu anayesubiri kuitwa. Nikaleta chupa ya chai.

"Shemeji," akasema, "ile siku, simu niliiona."

Kwenye msiba wako aliwaambia watu kwamba simu ilibaki kwenye gari. Wote tuliamini. Mimi niliamini, nikajituliza nayo.

"Niliona jina lako. Nikasema, ah, mama anataka gari lirudi mapema. Walikuwa ndiyo wanatenga chakula. Nikaigeuza kifudifudi." Akageuza kiganja chake juu ya meza ili anionyeshe. "Hivi. Na ikaendelea kutetemeka."

Kwa muda nilitaka kumrushia ile chupa. Nakwambia ukweli, nilipima hata umbali. Badala yake nilimmiminia chai, kwa sababu mikono ilitaka kazi, nikammiminia mpaka ikafurika kwenye sahani. Kisha nikasikia mdomo wangu unasema kitu ambacho sikukipanga. "Na mimi ndiye niliyekupa funguo, Wambura. Niliona haamki. Niliona hata macho hafungui. Nikakupa."

Alilia. Mtu mzima yule, mwenye wajukuu, alilia kwa kwikwi na mimi nikaangalia dirishani kumpa nafasi. Tulikunywa ile chai imepoa. Alipokuwa anasimama akaniuliza, "Basi utalibadilisha?"

"Sijui," nikamjibu. Na kwa kweli nilikuwa sijui. Mpaka siku ile nilikuwa naitaka ile pikapu kwa hasira. Nilitaka siku moja wapige simu, niwajibu, "Gari? Gari gani?" Sasa mtu aliyekuwa ananipa ile hasira alikuwa ameketi kwenye kochi langu anapenga kamasi, na ilibidi nijiulize upya mimi nataka nini. Ni swali gumu ukiwa hujazoea kuulizwa.

Kesho yake asubuhi nililiosha jipu. Nilifungua milango yote. Bado lina harufu ya dawa ya josho na ya jasho lako. Nilikaa kwenye kiti chako bila mto. Mgongo ukakaa pazuri, miguu ikabaki hewani. Nikasogea mbele, miguu ikafika, mgongo ukakosa pa kuegemea. Nilifanya hivyo mara tatu nne, mbele, nyuma, kama mwehu, jirani ananichungulia juu ya ukuta. Halafu nikaingia ndani nikampigia Magesa.

Tulimaliza karatasi zote Bunda, mbele ya mwanasheria. Magesa alikuwa na furaha ileile uliyokuwa nayo wewe siku ya kwanza, akawa anapigapiga bodi kwa kiganja. Nilimwambia kwamba gia ya pili inataka ubembeleze, na kwamba mlango wa nyuma unafungwa kwa kunyanyua kwanza. Alipoliondoa jipu, nililiangalia mpaka likakata kona. Sikulia pale. Nililia mbele kidogo, na ilibidi niegeshe, maana pikapu ile haitaki mtu mwenye machozi.

Kabla sijafika Kiabakari trafiki akanisimamisha. Alizunguka gari, akainama dirishani, akaonekana kutafuta mtu mwingine ndani.

"Mama, gari la nani hili?"

"Langu."

"La mzee?"

"Mzee alikuwa na lake, afande. Hili ni langu."

"Na ulikuwa unakimbilia wapi?"

Nikafikiri. "Hakuna ninapokimbilia."

Alinipa onyo na akaniambia nipunguze. Nimepunguza. Kidogo.

Usidhani sasa mambo yamekuwa matamu. Pikapu imekwaruza bampa kwenye geti letu mara mbili. Kanisani wananiita "mama mnyama" wakidhani sisikii. Mwanza nimekwenda, nimelala kwa Nyangeta wiki nzima, lakini siku ya pili tayari tulikuwa tunabishana, kwa sababu ana mdomo kama wako. Na yule binti wa korongo alinipigia. Alisema tu, "Mama, lile gari limekwenda?" nikamwambia limekwenda, na hata sikujua nimwambie nini zaidi. Bado sijui. Mvua zikija na mtu akazidiwa kule kwenu, nitalala vipi? Hilo swali nimelibeba, na nimekasirika kwamba ni mimi ninayelibeba na siyo wale wanaume saba.

Na wewe bado nina hasira na wewe. Nimemsamehe Wambura, au niko njiani. Wewe ulikuwa na gari linalovuka mito na hukuweza kusema, "Leo halitoki, leo naumwa." Neno moja. Ulikuwa unaona aibu kulisema, na mimi nilikuwa naona aibu kulisema kwa niaba yako, tukawa watu wawili wema sana ndani ya nyumba, na mmoja akafa.

Jana nilikuja kukuona. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya kwenu ni tope tupu, kwa hiyo nililiacha gari pale lami inapoishia, kwa mwenye duka. Wambura alikuwa ananingoja, nilikuwa nimempigia. Alichukua mfuko wa unga akauweka begani. Nilivua viatu. Tulikwenda hatua mia moja hivi, tope linatuvuta miguu, ndipo akaongea.

"Shemeji, tungekuwa na lile lingine, sasa hivi tungekuwa mlangoni."

"Najua."

"Nasema tu."

"Najua, Wambura. Tembea."

Alitembea mbele, akawa anatafuta sehemu ngumu na kukanyaga kwanza, mimi nafuata nyayo zake. Kaburi lako limeota nyasi upande wa kichwani. Aliziondoa kwa mikono huku mimi nimesimama, kisha akaenda zake nyumbani ili tubaki wawili. Nilikuwa na maneno mengi, ndiyo haya niliyoyaandika. Pale nilisema machache tu, kisha miguu ikaanza kupata baridi nikaenda kwa mama kula.

Lala, baba. Simu ikilia, safari hii napokea mimi, na nitajibu kwa kadiri ninavyoweza siku hiyo.

Mkeo,
Mama Nyangeta
Kamunyonge, Musoma